Majini ya Vitabuni na Barua ya Katibu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, wanaoonekana na wasioonekana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, mimi si mhakiki wa fasihi. Nilisoma chuo cha Kiislamu, nikahitimu katika fiqhi na lugha ya Kiarabu, na kwa miaka minne sasa ni katibu wa kamati ya msikiti wa mtaa wetu hapa Tanga. Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao, kujibu barua, na kutunza orodha ya waliochangia saruji na mikeka. Riwaya nilizisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, kisha nikaachana nazo siku moja na sare ya shule. Ninayoyaandika leo ni maoni ya msomaji wa kawaida, aliyelazimishwa na majukumu yake kusoma vitabu vya majini, mizimu na wafu wanaofufuka, na ambaye hakuvifunga akiwa na utulivu aliokuwa nao alipovifungua.

Kisa kilianza mwaka jana. Watoto wa mwalimu mmoja mstaafu, Mwenyezi Mungu amrehemu, walileta msikitini maboksi matatu ya vitabu vya marehemu baba yao, wakaviweka wakfu kwa maktaba ya madrasa. Katika maboksi mawili ya mwanzo mlikuwa na misahafu, vitabu vya sira, kamusi na vitabu vya kiada. La tatu lilijaa riwaya. Mmoja wa wazee wa kamati alizitoa moja moja na kutusomea majina yake: mzimu, kufufuka, nchi zisizokuwepo, watu waliogeuzwa nyani. Alipomaliza alisema kwamba vitabu vya namna hiyo havina mahali katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Ama vichomwe, ama wapewe wauza karanga wafungie biashara yao. Mwingine akamjibu kuwa marehemu alikuwa mwalimu wa Kiswahili, hakuwa mshirikina. Sauti zikapanda. Mwenyekiti alituliza kikao kwa uamuzi ambao wenyeviti wengi huupenda: katibu avisome vyote, kisha alete ripoti baada ya miezi miwili.

Katika kikao hichohicho, chini ya kichwa cha Mengineyo, lilikuwepo jambo jingine. Bibi mmoja mjane, muuza vitumbua, alikuwa akifagia sehemu ya wanawake pale msikitini kwa zaidi ya miaka kumi, bila ujira, na ndiye aliyeutunza ufunguo wake. Mtoto wa jirani yake, mwanafunzi wa madrasa yetu, alikuwa ameanza kuanguka ghafla na kutokwa povu. Wazazi walimpeleka kwa mganga, naye mganga akawaambia kuwa mtoto ametupiwa jini na mwanamke mzee anayekaa peke yake upande wa machweo. Bibi yule anakaa peke yake, nyumba yake iko upande wa machweo, na ana paka watano. Baadhi ya akina mama wakasema hawatasali tena mahali anapopita fagio lake. Kamati ikaona kwamba, ili kuzuia fitina, katibu amwandikie barua ya kumshukuru na kumwomba apumzike.

Mjadala wa vitabu ulichukua saa moja na nusu. Mjadala wa Bibi haukufika dakika kumi. Nina hakika na nyakati hizo kwa kuwa muhtasari niliuandika mimi. Barua nayo niliiandika usiku uleule, kwa Kiswahili fasaha, nikaigonga muhuri, nikalala usingizi mzuri.

Kabla ya kufungua riwaya ya kwanza nilitaka kujua msimamo wa wanazuoni. Mzee aliyetaka vitabu vichomwe alikuwa ameitaja aya ya sita ya Sura Luqman, inayowalaani wanaonunua maneno ya upuuzi. Nikarejea kwenye tafsiri. Wafasiri wanamtaja An-Nadhr bin al-Harith, mmoja wa maadui wa Mtume (s.a.w.) katika Makka, aliyejifunza visa vya mashujaa wa Kiajemi, Rustam na Isfandiyar, akawa anawasimulia watu ili wasiisikilize Qur'ani. Hoja ya mzee ilikuwa na msingi. Hata hivyo, aya yenyewe inataja lengo la mnunuzi yule, nalo ni kuwapoteza watu na njia ya Mwenyezi Mungu. Kosa la An-Nadhr lilikuwa kuzisimamisha hadithi zake mbele ya haki kama pazia.

Nikakumbuka pia jambo ambalo mwalimu wetu wa falsafa alitupitisha juu juu chuoni. Katika karne ya kumi, huko Basra, kundi la wanafikra waliojiita Ikhwan as-Safa waliandika ndani ya risala zao kisa kirefu ambamo wanyama wanamshitaki mwanadamu kwa dhulma anazowafanyia. Kesi hiyo husikilizwa na mfalme wa majini. Waandishi wale walitaka mwanadamu ajitazame, wakaona hatajitazama sawasawa mpaka ashitakiwe mbele ya hakimu asiyekuwa wa jinsi yake. Miaka ipatayo mia mbili baadaye, Ibn Tufayl wa Andalusia alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyekulia kisiwani peke yake akalelewa na paa, mpaka akamtambua Muumba wake kwa kutafakari. Basi kubuni hakukuanza jana miongoni mwetu. Kwa moyo huo nikalifungua boksi.

Nilianza na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1952, kwa kuwa mwandishi ni mtu wa Tanga na nilidhani nakikumbuka. Sikukikumbuka. Adili ni mtawala mwema mwenye ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, ambao majina yao yanatosha kuwaeleza. Kwa husuda walimtosa baharini. Akaokolewa na Huria, jini wa kike ambaye Adili aliwahi kumhami alipokuwa katika umbo dhaifu akifukuzwa na adui. Huria akawageuza ndugu wale nyani, na akamwamuru Adili awapige mijeledi kila usiku.

Maoni yangu ni haya. Kiswahili chake ni kitamu kiasi kwamba nilijikuta nakisoma kwa sauti, na binti yangu wa miaka kumi akasogea kusikiliza. Wanaokijua Alfu Lela u Lela watatambua mara moja kwamba kisa hiki kimechukuliwa humo, kisha kikavikwa maadili ya mwandishi wetu. Udhaifu wake ni kwamba Adili ni mwema mno. Mtu asiyekosea humchosha msomaji, kwa sababu msomaji anakosea kila siku. Lakini lipo jambo moja ndani yake ambalo halikunitoka. Adili anapowapiga nyani wale, analia. Anatenda jambo zito kwa kuwa ameamriwa, na kila usiku moyo wake unaumia. Nilikifunga kitabu, nikajiuliza ni lini mara ya mwisho niliumia kwa ajili ya jambo nililoagizwa kulifanya. Sikupata jibu, nami sikulitafuta kwa bidii.

Binti yangu alikuwa na swali lake. "Baba, nyani wale walijua kwamba wao ni watu?" Nikamwambia ndiyo, walijua. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi hiyo ndiyo adhabu yenyewe, si mijeledi." Mwenye kudhani kwamba hadithi za namna hii huwaharibu watoto akili, na azisome pamoja nao kwanza.

Cha pili kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa Zanzibar. Kilitoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Hiki ndicho kilichopingwa kwa ukali zaidi kikaoni, kwa sababu ya jina lake. Laiti mzee wetu angekifungua. Maiti inakutwa mahali watu wanapopaogopa, penye mzimu, na kila mtu tayari ana jibu: ni kazi ya mzimu. Anakuja Bwana Msa na kiko chake mdomoni, mtu mtaratibu, mwenye macho ya kuona vitu vidogo. Yeye hauchukui mzimu kuwa jibu. Anauliza nani alikuwa wapi, nani ana haja gani, nani anafaidika watu wakiogopa. Sitaieleza siri ya kitabu, maana nitawanyima raha watakaokisoma. Nitasema tu kwamba mkono uliotenda ulikuwa wa mtu mwenye damu na tamaa kama sisi.

Nilikisoma kwa siku mbili, nikakawia kuamka siku moja wapo, na Mama watoto akanicheka kwamba ripoti ya kamati imekuwa tamu. Kwa ustadi wa kupanga kisa, sikuona kitabu kilichokipita kati ya vyote nilivyosoma. Pengine mazungumzo ni marefu kupita haja, na mwishoni maelezo yanarundikana. Hata hivyo, sijui hotuba niliyowahi kuisikia dhidi ya ushirikina iliyonifundisha kama kitabu hiki. Hotuba hukataza kwenda kwa mganga. Kitabu hiki kinamfundisha mtu kuuliza maswali ambayo mganga hayapendi.

Hapo ndipo maneno ya mganga wa mtaani kwetu yaliponirudia. Mwanamke mzee, anayekaa peke yake, upande wa machweo. Nikahesabu kwa kutazama kupitia dirishani kwangu, nikapata wanawake wanne wanaolingana na maelezo hayo, mmoja wao akiwa shangazi yangu. Kwa nini basi barua ilikwenda kwa mmoja? Nikajijibu kuwa ni yule ambaye hana mtoto wa kiume wa kuja kugonga mlango wa mwenyekiti kuuliza. Nikaendelea na kitabu kilichofuata.

Nacho ni Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, kilichotolewa Nairobi mwaka 2001. Mhusika wake anaitwa K, mkubwa wa serikali aliyeshiba. Babu yake aliyekufa zamani anafufuka, anamwandama, na kumpitisha katika mambo ambayo K alikuwa akiyapita ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa. Kiitikadi, mimi kama mwanafunzi wa dini nasema wazi: wafu wako barzakhi, na hawarudi duniani kuwakemea wajukuu zao. Kwa hiyo nilianza kukisoma kwa tahadhari. Nilipofika katikati nikaelewa kwamba mwandishi haniombi niamini kurudi kwa babu. Ananiuliza nitasema nini akirudi. Sisi Waislamu tunalo neno la jambo hilo, nalo ni muhasaba, mtu kuihesabu nafsi yake kabla haijahesabiwa. Lugha yake ni nzito na giza lake ni jingi. Nisingempa kijana wa miaka kumi na mbili. Ila kwa wanakamati, wa misikiti na wa vyama vyote, ningekiweka juu ya meza kabla ya ajenda ya kwanza.

Nikiri pia nilikoshindwa. Ndani ya boksi kilikuwemo Nagona cha Euphrase Kezilahabi, mwandishi aliyezaliwa Ukerewe, kitabu chembamba cha mwaka 1990. Nilidhani nitakimaliza baina ya Magharibi na Isha. Nilikisoma mara mbili, na mara zote mbili nilitoka nikiwa kama mtu aliyeota homa: nimeona mengi, siwezi kuyapanga. Wenye elimu ya fasihi wanakisifu, nami sitabishana nao. Katika ripoti niliandika tu kwamba kitabu hicho hakiwezi kumpotosha mtu ambaye bado hajajua kinampeleka wapi.

Mpwa wangu wa kike, anayesoma chuo kikuu, aliposikia kazi niliyopewa aliniazima kitabu cha Kiingereza, Alif the Unseen, cha G. Willow Wilson, mwanamke wa Kimarekani aliyesilimu. Kilitoka mwaka 2012. Nilikisoma taratibu, kamusi ikiwa pembeni. Kisa chake kiko katika mji wa Ghuba usiotajwa jina. Kijana anayejiita Alif anatumia ujuzi wake wa kompyuta kuwaficha wanaosakwa na dola, mpaka yeye mwenyewe anasakwa, na katika kukimbia anaingia katika ulimwengu wa majini. Zipo sehemu ambazo sikuzipenda: mapenzi ya siri na mambo ambayo mzazi hatapenda kumweleza mwanawe. Lakini yupo Dina, binti wa jirani, aliyechagua mwenyewe kuvaa nikabu, na ndiye mwenye akili timamu kuliko wote. Na yupo Sheikh Bilal, imamu mtu mzima wa msikiti mkongwe. Wakimbizi wanapofika kwake, wachafu, wenye hofu, wakiwa na kisa kisichoaminika, anaweza kuwafukuza ili kuepusha fitina. Hawafukuzi. Analipia hilo gerezani, kwa mateso.

Nilikuwa nimeketi barazani niliposoma sehemu hiyo. Neno fitina lilinirudisha kwenye barua yangu, kwa kuwa ndilo nililoliandika katika muhtasari. Sheikh wa kitabuni, ambaye hakupata kuwepo duniani, aliwafungulia mlango watu asiowajua. Mimi, katibu mwenye cheti na muhuri, nilimfungia mlango mwanamke ambaye vitumbua vyake nimevila tangu nikiwa kijana.

Kilichonikera zaidi ni kwamba elimu ya kumtetea nilikuwa nayo. Majini wapo, Qur'ani ina sura nzima yenye jina lao, na inatueleza kwamba miongoni mwao wamo wema na wamo waovu. Lakini Qur'ani hiyohiyo, katika Sura Saba, inatusimulia jinsi majini walivyoendelea kumtumikia Nabii Sulaiman (a.s.) baada ya kufa kwake, hali ameegemea fimbo, mpaka mdudu alipoitafuna fimbo ile na mwili ukaanguka. Lau wangejua ya ghaibu wasingeendelea na kazi ile ngumu. Ikiwa majini hawakujua kwamba mtu aliye mbele yao amekufa, mganga wa mtaani amepata wapi habari ya nani katuma nini kwa mtoto wa nani? Na tunazo hadithi sahihi zinazotuonya kuhusu kuwaendea makahini, na tunayo Sura al-Hujurat inayotukataza dhana mbaya. Yote haya nilikuwa nimeyafanyia mtihani na kufaulu. Katika zile dakika kumi za Mengineyo sikutamka hata moja.

Ningependa kukuambia, ndugu msomaji, kwamba niliondoka pale barazani nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Bibi. Sikwenda. Nilijiambia kuwa nitalileta jambo hilo katika kikao kijacho, kwa utaratibu. Wiki tatu zikapita. Kisha baba wa yule mtoto, kwa ushauri wa mwenzake kazini, alimpeleka mwanawe hospitali. Huko wakaambiwa kwamba ni kifafa, ugonjwa unaojulikana na wenye dawa, mtoto akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku, na kuanguka kwake kukapungua sana. Habari zikaenea mtaani. Hapo ndipo nilipopata ujasiri, na ujasiri unaokuja baada ya jibu kujulikana una thamani ndogo. Kwani hata kama madaktari wasingeona kitu, ushahidi dhidi ya Bibi ulikuwa batili tangu siku ya kwanza.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anachagua mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako."

Nilianza hotuba niliyoiandaa njiani. Aliniacha mpaka nikaishiwa maneno. Kisha aliingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki ambamo huweka kadi yake ya kliniki, akatoa barua yangu. Ilikuwa imekunjwa vizuri kama nilivyoikunja.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Alinisomea mwanao. Alikuja kununua vitumbua. Anasoma vizuri yule mtoto, hakukwama hata mahali pamoja."

Sikujua. Tangu maneno ya mganga yalipoanza kuzagaa nilikuwa nimemwambia Mama watoto asimtume tena huko. Binti yangu alikwenda kwa siri, kwa sarafu zake mwenyewe, na barua ya kumfukuza Bibi, yenye jina la baba yake chini, aliisoma yeye kwa sauti. Siku zote zile alizokaa karibu yangu akisikiliza habari za Adili, alikuwa anajua, na hakuniambia.

"Barua yako nzuri," Bibi akaendelea. "Ina shukrani nyingi. Ila mimi sikujua kwamba nimechoka."

Nilimwomba radhi. Alisema ananisamehe kwa upande wangu, na waliobaki waje wenyewe, kila mmoja na maneno yake. Nilipomwambia kuwa kamati itamrudishia ufunguo, alitikisa kichwa. Alitaka kwanza iandikwe barua nyingine. Na akataka isomwe msikitini, watu wote wasikie, kwa kuwa ile ya kwanza ilisomwa hapo mlangoni na wapita njia walisimama kusikiliza. Ni yeye pia aliyeniruhusu kukiandika kisa hiki gazetini, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. "Mtaje mganga," alisema huku akicheka. Na huyo sitamtaja pia.

Kikao kilichofuata nilikifungua kwa kuomba ajenda ya Mengineyo iwe ya kwanza. Nilisoma muhtasari wa kikao kilichopita kama nilivyouandika, pamoja na saa zake. Ukimya ulikuwa mrefu. Mzee aliyetaka vitabu vichomwe ndiye aliyevunja ukimya, akasema kwamba kosa si la katibu peke yake, maana yeye alitumia nusu saa nzima kuzungumza juu ya karatasi na hakuuliza hata swali moja juu ya mtu. Barua ya pili iliandikwa palepale. Ijumaa iliyofuata Imamu aliisoma baada ya sala. Bibi aliupokea ufunguo wiki mbili baadaye. Si kila kitu kimerudi kama zamani. Wapo akina mama wachache ambao hadi leo huketi mbali naye. Hofu huingia nyumbani kwa siku moja, lakini kutoka huchukua muda wake.

Ripoti ya vitabu niliiwasilisha siku hiyohiyo, na mjadala wake safari hii haukuzidi robo saa. Adili na Nduguze kimewekwa kwenye rafu ya watoto, kisomwe pamoja na mwalimu. Mzimu wa Watu wa Kale kiko kwenye rafu ya vijana. Babu Alipofufuka na Nagona ni vya watu wazima. Kitabu cha Kiingereza nilimrudishia mpwa wangu na shukrani. Mzee wetu aliomba aondoke na Mzimu wa Watu wa Kale, akahakikishe mwenyewe kama hakina ubaya. Hii ni wiki ya tano hajakirudisha, na juzi alinivuta kando baada ya Alasiri kuniuliza kama mwandishi huyo ana vitabu vingine.

Wazazi wenzangu, watoto wetu watasikia habari za majini na mizimu, tupende tusipende. Watazisikia vitabuni, kwenye filamu, kwenye simu, na kwenye baraza zetu sisi watu wazima. Itikadi sahihi tuwafundishe mapema, ili wajue mpaka kati ya yale aliyotueleza Mwenyezi Mungu na yale aliyoyabuni mtunzi. Mtoto mwenye mpaka huo hatapotezwa na riwaya. Mtoto akianguka, apelekwe hospitali, asomewe na Qur'ani, wala hayo mawili hayagombani. Na likija mbele yetu jina la mtu, hasa la mtu asiye na wa kumsemea, tumpe angalau muda ule ambao tungekipa kitabu.

Katika miezi ile miwili nilisoma mamia ya kurasa zenye majini, wafu na mizimu, na sikupata ukurasa mmoja uliomdhuru jirani yangu. Uliomdhuru niliuandika mimi, na ulikuwa na muhuri wa msikiti. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na atujaalie sote kuihesabu kalamu kabla haijahesabiwa.

Wabillahi tawfiq.